Kitufe cha Wazee

Mama yangu alizikwa Butembo, kule Kongo, siku ya Jumatatu, saa tisa alasiri ya kule ambayo ni saa kumi ya huku Kampala. Saa hiyo mimi nilikuwa chumbani kwangu Namuwongo, nimeegemea ukuta, nakunywa uji na kumlaani jirani kwa sababu ya redio yake. Watu mia tatu na kitu wa kwetu, waliotapakaa toka hapa mpaka Kansanga na kwingine, walijua kwamba mama yangu anaingizwa kaburini. Mimi sikujua. Nilikuja kujua Jumatano, barabarani. Na aliyenificha habari hiyo si adui wala si ndugu mwenye roho mbaya. Nilijifichia mwenyewe, kwa mistari kumi na mmoja ya maandishi ya kompyuta niliyoiandika kwa mikono yangu na kujisifia.

Naomba nieleze lote, maana kila ninapoeleza nusu watu wananionea huruma nisiyostahili.

Sisi watu wa Butembo na Beni tulioko Kampala tuna umoja wetu. Wengine walikuja wakikimbia vita, wengine wakifuata biashara, wengine ukiwauliza wamekuja kama nani wanakuangalia tu. Tunazikana, tunaozana, tunanuniana. Mwaka 2013 umoja uliamua uwe na tovuti, na kwa kuwa mimi nilikuwa natengeneza kompyuta kwenye duka la kuchapa karatasi kule Wandegeya, kazi ikaniangukia. Aliyenionyesha njia ni Aloyo, mwenzangu wa dukani. Aloyo ni binti wa mwanajeshi, kwao Gulu, lakini amekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha kambini, hakizunguki. Alinishushia mtandaoni programu huria ya kuendeshea tovuti ya mazungumzo. Huria maana yake walioiandika wameiacha wazi: unaitumia, unaisoma ndani mpaka mstari wa mwisho, unaibadilisha utakavyo, na huombi ruhusa kwa mtu.

Sikuwahi kupewa kitu cha namna hiyo maishani. Mkimbizi ni mtu wa kuomba ruhusa. Unaomba ruhusa ya kuingia, ya kukaa, ya kufanya kazi, na karatasi ikichakaa unaanza upya. Halafu unakutana na leseni inayokuambia badilisha utakavyo, ni yako. Niliisoma mara tatu nikitafuta mtego.

Nilianza na madogo. Maneno ya Kiingereza nikayageuza kuwa Kiswahili cha kwetu. Pale programu ilipotaka jina la kwanza na jina la ukoo nikafuta, maana kwetu jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na ukiita Kakule kanisani nusu ya benchi inageuka. Nikaweka: mtoto wa nani, wa mtaa gani. Watu walifurahi sana. Wazee ambao hawajawahi kuisifia mashine yoyote walisema hii imezaliwa nyumbani.

Halafu yakampata Princesse. Princesse ni binti wa kwetu anayeuza sombe, yaani kisamvu, kando ya reli hapa Namuwongo, na alikuwa na kaka yake Beni, Bénit. Asubuhi moja alifungua tovuti yetu kwenye simu aangalie saa ya mazoezi ya kwaya. Akakutana na picha ya Bénit, na chini yake watu kumi na saba wameandika pole. Kumi na saba walikuwa wametangulia kujua na hakuna hata mmoja aliyekuwa karibu yake. Alianguka na beseni lake juu ya kokoto za reli, akapasuka paji la uso. Aliyemwinua ni mwendesha bodaboda asiyemjua.

Mama Marie-Louise, mkubwa wa akina mama wa umoja, muuza vitenge Kansanga, aliniita dukani kwake. Aliniacha nimesimama muda mrefu huku akikunja vitenge. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kule Butembo nilikozaliwa niliwahi kuona msiba umebandikwa ukutani mwenye msiba akajisomee.

Sikuwahi. Kwetu msiba una mwendo wake. Mtu akifa, wanaotangulia kujua ni majirani, si wenye maiti. Wanapeana habari kwa kunong'ona, wanagawana kazi: nani atapika, nani ataleta mikeka, nani ataongoza sala. Wakati huo mwenye msiba bado anacheka na watoto wake. Kisha watu wazima watatu wanaingia, wanaomba maji ya kunywa, wanamkalisha chini. Mmoja anakaa kulia, mwingine kushoto, na wa tatu anatamka. Anatamka wazi, fulani amekufa, hapindishi. Wale wawili kazi yao ni kumshika.

Nikarudi Wandegeya nikiwa nimechomwa moyo, na kwa wiki mbili nikaandika kipande changu. Mwenye habari ya kifo anaiandika na kutaja jamaa wa karibu wa marehemu. Tangazo linaonekana kwa watu wote isipokuwa jamaa hao. Wao wanaendelea kuona ukurasa wa kila siku, mazoezi ya kwaya, picha za arusi, mpaka mmoja wa wazee watatu aende kwao, awakalishe, atamke, kisha arudi kwenye simu yake na kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Familia imeambiwa". Hapo ndipo ukurasa wao unafunguka. Nilikuwa nimeichukua desturi ya kwetu nikaitia ndani ya mashine iliyoandikwa na watu wasiojua hata Butembo iko wapi. Wiki ile nilitembea Wandegeya kama mtu aliyenunua mtaa.

Nilipomwonyesha Aloyo, alisoma mistari yangu, kidole kwenye kioo. Akauliza swali moja tu: na wewe msimamizi je? Programu ya asili inamruhusu msimamizi aone kila kitu, hata kilichofichwa kwa wengine. Kipande changu kilikuwa hakimruhusu. Akaniambia niongeze mstari mmoja wa kunitoa mimi kati ya wanaofichwa.

Nilikataa, na sababu yangu haikuwa mbaya. Mama alikuwa mzee, sukari ilikuwa imeshamshika miguu, na mimi nilijua siku yake itafika nikiwa huku. Sikutaka kuisoma kwenye kioo nimesimama dukani, nikisubiri karatasi za mteja zitoke kwenye mashine. Nilitaka na mimi nikalishwe chini. Nilitaka watu watatu. Nikamwambia Aloyo na mimi ni mtoto wa mtu.

"Sawa, ni programu yako," akasema. "Lakini sikia, Kakule. Hii kitu ilikuwa ya watu wengi. Pale umebadilisha, pale sasa ni ya wewe peke yako. Ikiharibika, hakuna mtu utapigia simu."

Nikamjibu kwa mzaha, sikumbuki mzaha gani.

Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa na huzuni tu, si majuto. Kosa lenyewe nililifanya siku ya mkutano. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa Kansanga niwaonyeshe watu mpango mpya. Waliuelewa mara moja, hawakuhitaji kufundishwa, ulikuwa wao. Akasimama Blaise wa kwaya, akauliza kama na mimi mwenyewe, siku nikifiwa, nitafichwa au nitakuwa naona.

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, akina mama, wazee, wasichana wa kwaya, na mimi nilikuwa nimevaa koti la kuazima. Nikacheka. Nikasema, "Sasa nani aliijenga?" Ukumbi ukacheka pamoja nami, na Blaise akakaa, ameridhika kabisa. Ningeweza kuwaeleza kwa nusu dakika. Sikuwaeleza, kwa sababu nilipenda walivyokuwa wananiangalia.

Toka siku hiyo wakaniita Jicho. Jicho anaona yote. Mtu anayejua msiba wa mwenzake kabla ya mwenyewe anaogopwa kidogo, na kuogopwa kidogo ni kutamu kwa mtu ambaye kila ofisi aliyoingia aliambiwa asubiri nje. Akina mama wakawa wananisogezea kiti. Karibu miaka miwili mpango ule ulifanya kazi, misiba kumi na minne, na hakuna aliyeanguka tena juu ya reli. Mara nyingine mtu alinifuata na kuniuliza kwa kunong'ona kama kuna jambo lolote linalomhusu, nami nilikuwa naangalia pembeni taratibu, nasema hakuna, kana kwamba nimetoka kukagua mbingu na nchi.

Mwaka 2015, wiki ya mwisho ya Mei, malaria ilinilaza. Mama alifariki Alhamisi. Dada yangu Huguette, ambaye ndiye aliyebaki naye, alifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Hakunipigia, kwa sababu mtoto haambiwi kifo cha mama yake kwenye simu. Alimpigia Mama Marie-Louise, akamkabidhi kazi hiyo, kisha akazima simu yake na ya mama ili nisije nikapiga na sauti yake ikamsaliti. Na kweli nilipiga. Ijumaa asubuhi nilimpigia mama nimlalamikie homa, nikakuta imezimwa. Nikampigia Huguette, imezimwa. Nikautukana umeme wa Butembo, nikalala.

Ijumaa mchana Mama Marie-Louise aliandika tangazo kwenye tovuti. Fomu ilimwuliza jamaa wa karibu, akaandika jina langu kwa sababu fomu ilitaka jina. Hakufikiri kwamba ananificha. Kwake yeye, mimi ndiye niliyekuwa nimeona kabla ya wote.

Alasiri alikuja na wenzake wawili. Alinikuta nimejikunyata kitandani, macho mekundu, sijanyoa, sina sauti. Mimi nikajua wamesikia naumwa. Waliomba maji ya kunywa. Waliniteremsha kitandani wakanikalisha kwenye mkeka, mmoja akakaa kulia kwangu, mwingine kushoto. Mimi, niliyeigeuza desturi hiyo kuwa mistari ya kompyuta, nilikaa katikati yao nikitetemeka kwa homa na sikuona kitu. Mama Marie-Louise alifungua mdomo. Akaniangalia usoni muda mrefu. Kisha akaufunga, akaweka kiganja chake kichwani kwangu.

Akaniuliza kama alete watu waje kukaa na mimi. Nikasema hapana, mama, nataka kulala tu, msinijazie watu. Wakasali, wakamwomba Mungu ainyanyue nyumba yetu, wakaniachia chupa ya uji, wakaenda. Nilikumbuka kushukuru. Nilifikiri, hawa watu wananipenda, malaria ndogo tu na wamekuja watatu.

Jumapili ni siku ambayo mama alikuwa hakosi kunipigia baada ya misa aniulize nimekula nini. Hakupiga. Nikasema mtandao.

Jumatano nilipata nguvu, nikatoka polepole kwenda Kansanga. Njiani watu walinifanyia wema wa ajabu. Muuza parachichi akanipa mbili na akanikataza nisifungue mfuko. Mzee mmoja wa kwetu ambaye huwa ananidai salamu alinisalimia yeye kwanza, akavua kofia. Yote nikaona ni ugonjwa, nimekonda, wananihurumia. Julienne, fundi cherehani anayekaa kwenye baraza ya duka la Mama Marie-Louise, aliponiona alisimamisha cherehani, akaja akanishika mikono yote miwili.

"Pole, Kakule," akasema. "Bamemuzika muzuri? Bamekutumia foto?"

Nikamwuliza nani. Nilisikia sauti yangu ikiuliza nani, na nadhani kabla neno halijaisha nilikuwa nimeshajua, kwa sababu ya simu zilizozimwa, kwa sababu ya Jumapili, kwa sababu ya wale watatu na mkeka. Uso wa Julienne ulibadilika. Aligeuka kulia na kushoto akitafuta mtu mzima wa kumsaidia, na Mama Marie-Louise alikuwa ameenda mjini. Msichana wa watu alibaki ameshika mikono yangu, hajui aishike zaidi au aiachie. Akaanza kulia yeye kabla yangu.

Sikumngoja Mama Marie-Louise. Nilipanda bodaboda mpaka Wandegeya, nikaingia dukani, nikafungua tovuti kwa jina langu. Mazoezi ya kwaya Jumamosi. Picha za arusi. Mtu anauza kitanda. Ukurasa ulikuwa umetulia kabisa, mzuri, kama nilivyoutaka. Nikamwomba Aloyo tuingie nyuma ya tovuti, kwenye majedwali ambako kila neno limehifadhiwa na hakuna linalofichwa. Vidole vyangu vilikuwa vinakosea, akaandika yeye.

Tangazo lilikuwa pale, na chini yake majibu arobaini na moja. Nilisoma nimesimama, karatasi za mwanafunzi fulani zikitoka kwenye mashine pembeni yangu, moja baada ya nyingine. Ijumaa jioni Mama Marie-Louise ameandika: nimefika kwake, anajua, ananyamaza, hataki watu, tumwachie nafasi. Jumamosi: Huguette amefungua simu, tumemwambia asimsukume, anangojea Kakule apige. Jumamosi tena: Huguette anasema mazishi si kesho tena, wanasogeza mpaka Jumatatu, labda Kakule yuko njiani. Jumapili Blaise anauliza kuna mtu amemwona Kakule kwenye basi la Kasese, la kwenda mpakani. Hakuna. Jumatatu asubuhi: watu wanamwambia Huguette afunge sanduku la marehemu, amekataa, anasema Kakule hawezi kukosa. Jumatatu saa tisa ya kule: wamemngojea. Wamezika.

Aloyo aliizima ile mashine ya kuchapa na kumwambia yule mwanafunzi aje baadaye. Halafu akasimama nyuma yangu. Ningemshukuru mtu yeyote ambaye angenitukana.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama Marie-Louise nikapayuka. Naona haya kuandika niliyosema. Nilimwuliza kazi yake ilikuwa nini kama si kutamka maneno matatu. Mbele ya wateja. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, machozi yakimtiririka na hayafuti.

"Miye nilifungua kinywa," akasema. "Nikaangalia macho yako, nikasema, uyu ameona kitambo, yeye ndiye anaonaka mbele yetu wote. Nikasema nikitamka nitamuumiza mara mbili. Na juu ya vile sikutamka, sikugusa ile kitufe." Akavuta pumzi. "Mwanangu, ni siku gani ulituambiaka kama weye hauone?"

Nilitafuta siku hiyo. Nilitafuta kwa haki kabisa, nikipitia mkutano ule, na vibaraza vyote nilikosogezewa kiti, na minong'ono yote niliyoijibu kwa kuangalia pembeni. Hakukuwa na siku hiyo. Nikakaa chini katikati ya vitenge.

Kesho yake alikuja chumbani kwangu na wale wenzake wawili. Nilidhani wamekuja kuomba radhi, nikaanza kusema haina haja. Mama Marie-Louise aliomba maji ya kunywa. Wakanikalisha, kulia na kushoto, na yeye akatamka: Kakule, mama yako amekufa. Alitamka kama mtu asiyejua kwamba mimi najua, na mimi nililia kama mtu asiyejua. Walinishika vizuri. Kisha alitoa simu yake na kubonyeza, na tangazo la mama likanifungukia, siku saba baada ya kifo chake.

Wazee waliomba mpango usifutwe, na sikuufuta, kwa kuwa wengine unawasaidia. Niliongeza ule mstari mmoja alioniambia Aloyo, wa kumtoa msimamizi. Nilitazama saa ya kompyuta nilipoanza na nilipomaliza. Zilikuwa dakika nne, pamoja na kuujaribu kama unafanya kazi. Unafanya kazi vizuri. Baba alitangulia zamani, kwa hiyo sina tena mzazi ambaye mstari huo ungenisaidia kumzika.

Lililobaki lilikuwa Huguette. Nilimpigia siku ile ile ya kukalishwa chini nikamweleza kwamba kompyuta ilinificha. Akasema sawa, akakata. Kila nilipopiga tena alisema sawa. Kule nyumbani ilikuwa imeshasemwa kwamba Kakule aliambiwa, akanyamaza, akanywa uji wa watu, na akaacha mama yake azikwe na majirani. Malaria walisikia. Walisema malaria inalaza miguu, hailazi simu. Mimi ningesema hivyo hivyo. Ukweli wangu ulikuwa na sura ya uongo wa mtu mvivu, na ningeutoa wapi mwingine?

Agosti Huguette alikuja Kampala kununua viatu vya jumla vya kuuza likizoni. Alikubali kufikia kwangu, na hilo peke yake nililiona neema. Alikula nilichopika. Mchana wa siku ya pili, kabla hajaenda kuchukua mizigo yake, nilimwomba anipe nafasi nimwonyeshe ushahidi. Nikaweka kompyuta mezani. Ile mistari ya zamani nilikuwa nimeihifadhi, haijaguswa, na tarehe niliyoiandika. Hii ndiyo faida ya programu huria, nikamwambia, hakuna siri ndani yake, kila mtu anaweza kufungua na kusoma kilichotokea. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo miezi mitatu.

Huguette ni mwalimu wa shule ya msingi. Alivaa miwani, akasogeza uso, akasoma kioo kutoka juu mpaka chini kwa subira kama anavyosahihisha madaftari. Zilikuwa alama na mabano na vipande vya Kiingereza. Akavua miwani.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea kwa lugha ya kwetu, mstari kwa mstari, kidole changu kwenye kioo. Kama kuna tangazo la kifo. Tazama anayefungua ukurasa ni nani. Kama ni mtoto wa marehemu, usimwonyeshe. Ngojea mzee abonyeze.

"Hata weye mwenye kuandika?"

"Hata mimi."

"Na ungeweza kuandika namna ingine?"

Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini sikuandika. Nilikuwa na jibu la kunisaidia na jibu la kweli, na nilimpa yote mawili. Nilimwambia kwamba nilipenda watu wadhani naona kila kitu, ndiyo maana sikuwaeleza. Na nilimwambia kwamba kabla ya hapo niliogopa. Niliogopa kujua kifo cha mama nikiwa peke yangu, nilitaka watu wanikalishe chini wanishike, mmoja huku na mwingine huku.

Huguette aliitazama ile mistari tena, ingawa hakuweza kuisoma. Nilidhani sasa ameniamini, na ni kweli, alikuwa ameniamini. Niliona usoni kwake kwamba ameniamini neno kwa neno.

"Basi weye ulijitengenezea watu watatu," akasema polepole. "Mama alikufa usiku, Kakule, tulikuwa sisi wawili ndani ya nyumba. Miye hakuna mutu alikuya kunikalisha chini. Nilikaa na ile sanduku siku ine, mwenyewe, nikiambia watu unakuya."

Akaniomba ufunguo wa choo cha nje. Aliporudi alikuwa ameshanawa uso, akachukua mfuko wake, tukaenda kuchukua viatu.